PENZI LA MBUNIFU WA MITINDO NA PRODYUZA LATIKISIKA KISA BANDO, MCHAWI NI KIALAMA CHA WI-FI!

Wadau, hii imetokea pande za Sinza na majina yamewekwa pembeni, maana mmoja ana mkataba wa tangazo na mwingine bado anawadai wasanii watatu hela za studio. Mwanadada ni mbunifu wa mitindo, yule wa magauni ya vitenge ambayo kila sendofu lazima muone mawili matatu. Mwanaume ni prodyuza, ngoma zake mnazicheza kila wikiendi bila kujua ni mkono wake.

Usiku wa kuamkia Jumamosi jamaa alikuwa kwa mchumba wake. Akaomba hotspoti atume biti moja kwa msanii aliyekuwa anampigia simu kila baada ya dakika kumi. Faili moja tu. Akatuma, msanii akajibu kwa vialama vya moto, jamaa akaiacha laptopu mezani iko wazi, chaja imechomekwa, watu wakalala zao.

Asubuhi saa mbili mwanadada anaamka anakutana na meseji ya kampuni ya simu: kifurushi chake cha mwezi, GB 15, kimekwisha. Alikinunua juzi. Na saa nne alikuwa na laivu ya kuuza mzigo mpya, wateja wameshatangaziwa wiki nzima na wengine wameshalipia nusu.

Moto ukawaka. GB 15 kwa usiku mmoja? Kwa kutuma biti moja? Mwanadada hakuuliza mara mbili, kwake jibu lilikuwa tayari: jamaa kakesha kwenye video na yule mzazi mwenzie wa Tabata. Jamaa akaapa kwa mama yake mzazi. Haikusaidia. Akaamua kufungua laptopu atoe ushahidi, akabonyeza kile kialama cha Wi-Fi kona ya chini kulia, chenye mistari ya upinde. Menyu ikafunguka mbele ya mashtaka. Imeandika nini? Jina la simu ya mwanadada, mistari yote imejaa, na neno moja kwamba imeunganishwa. Chini yake zimepangwa Wi-Fi kumi na moja za majirani, zote zina kufuli.

Utetezi wa jamaa ukaishia hapo.

Laivu ilianza saa tano kasoro kwa simu ya kuazima kwa mdogo mtu, picha imepauka, nusu ya wateja wameshaondoka. Ukweli ulikuja kupatikana jioni, alipoitwa kijana wa nyumba ya tatu anayetengeneza kompyuta. Hakufungua menyu ile. Aliingia kwenye mipangilio, akapita sehemu ya mtandao, akashuka, akabonyeza tena, mpaka akafika kwenye ukurasa wa matumizi ya data programu kwa programu. Na pale juu kabisa hakukuwa na Tabata. Kulikuwa na programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ile inayojipakia yenyewe kimya kimya. Wiki ile jamaa alikuwa amehamishia sesheni zake kumi kwenye folda lake, akitegemea zitapanda atakapofika studio kwenye Wi-Fi ya bure. Laptopu haikusubiri studio. Ilipoona hotspoti ya mchumba ikaona intaneti ni intaneti.

Hesabu yake prodyuza yeyote anaijua. Sauti ya studio ya biti 24 kwa kHz 48 (hizi ni biti za kompyuta, siyo za kucheza) inakula karibu MB 8.6 kwa dakika kwa chaneli moja. Wimbo wa dakika 4 wenye chaneli 40, ukijumlisha ngoma, besi, vinanda na waitikiaji, unafika GB 1.4. Nyimbo kumi, GB 14. Ongeza ile biti ya msanii na meseji zake, bando limekwisha.

Sasa wapo watakaosema kosa ni la jamaa, alale macho, ajue vitu vyake. Mmoja ameshasema. Kuna mchambuzi wa tehama hapa mjini, yule wa miwani mikubwa mwenye chaneli yake ya kufungua maboksi ya simu mpya, habari zilipomfikia akaweka video ya kucheka. Hoja yake ilikuwa kwamba mtumiaji wa kawaida hapaswi kuwekewa mambo mengi kwenye menyu ya mtandao. Kialama kikiwa kimejaa kuna intaneti, kikiwa na alama ya mkato hakuna, basi. Ukimwekea namba utamchanganya. Anayetaka undani akautafute kwenye mipangilio.

Hii hoja siyo yake. Inatoka mbali, kwa wanaochora hizi programu huko Marekani, wanaokaa kwenye nyumba ambazo intaneti inalipiwa kwa mwezi na haina kuisha. Kwao kweli kialama kimoja kinatosha, kwa sababu hakuna kinachopungua. Huku hoja hiyo hiyo inarudiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe anajiunga bando la usiku kwa menyu ya nyota na reli. Ajabu kweli kweli.

Na hili neno "mtumiaji wa kawaida" lina dharau ndani yake. Nenda nyumba yoyote uswahilini, kuna LUKU. Inaonyesha yuniti zilizobaki, kwa namba, bila kuzunguka popote. Bibi ambaye miwani yake imevunjika tangu Pasaka anakuambia zimebaki saba, zima pasi hiyo. Fundi cherehani anajua yuniti ngapi zinamfikisha Jumatatu. Hakuna aliyewahi kusimama akasema watumiaji wa kawaida wa umeme watachanganyikiwa na namba, wawekewe taa ya kijani tu, ikizima wajue umeme umekatika. Mtu angesema hivyo mtaani angeulizwa kama ametumwa.

Halafu simu. Nani amemfundisha mama ntilie wa Manzese kwamba E juu ya kioo ni balaa, H+ unaweza kuvumilia, na 4G ndiyo ya kupigia video kwa mwanae aliye Mwanza? Hakuna. Aliona herufi, akaona video inavyogoma, akaunganisha mwenyewe. Leo ukimwambia tuma picha anaangalia kwanza juu ya simu, anakuambia subiri niende pale kwenye mwembe. Hizo ni alama za kitaalamu kabisa, majina ya teknolojia za minara, na taifa zima limezisoma bila semina. Tena simu za Tecno, Infinix na Xiaomi zinakuruhusu kuwasha kipimo cha kasi pale pale juu, KB kwa sekunde, na vijana wengi wamekiwasha. Simu ya laki mbili na nusu inakuonyesha data inavyopita sasa hivi. Laptopu ya milioni moja na laki nne inakuonyesha upinde.

Lakini msikimbilie kuwapigia makofi wale wa upande wa pili, maana nao wana wazimu wao. Hawa ni mafundi wanaotaka kila kitu kimwagwe mezani. Mmoja maarufu wa Kariakoo, anayetengenezea laptopu mastaa wengi kuliko studio yoyote, huwaringishia wateja wake wenye Mac: shikilia kitufe cha Option, kisha bonyeza kialama cha Wi-Fi. Na kweli inafunguka menyu nyingine kabisa. Anwani ya IP, anwani ya ruta, aina ya ulinzi, namba ya chaneli, nguvu ya mawimbi kwa namba hasi kama -54, kelele kwa namba hasi nyingine, kasi ya kutuma. Wateja wanashangaa kama wameona mazingaombwe. Sasa jiulize, yule mbunifu wa mitindo asubuhi ile angeonyeshwa -54 ingemsaidia nini? Angeona undani wote duniani na bado asijue kwamba bando lake linaliwa na folda la sesheni. Hata pale kwenye uchawi wa Option, hakuna mstari unaosema GB ngapi zimepita tangu jana.

Na namba ya uongo ni mbaya kuliko ukimya. Wenye umri wa kukumbuka Windows XP, iliyotoka 2001, wanakumbuka vile vikompyuta viwili vidogo pale chini, vinawaka na kuzima kila data inapopita. Kile kitu kilikuwa kitamu. Ukifungua ukurasa ukaona vinawaka unajua kuna kinachokuja, vuta subira. Vikitulia unajua mambo yamekwama. Mtoto wa darasa la nne alikuwa anavielewa. Kwenye Vista kuwaka huko kulikuja kumezimwa, na kwenye Windows 7 ya 2009 hakukuwepo tena, eti pawe pasafi. Kilichoondolewa ndicho kilichokuwa na maana.

Ila XP hiyo hiyo ilikuwa na maneno yake ya kujisifu. Ukisogeza mshale juu ya vikompyuta hivyo inakuandikia kasi, 100.0 Mbps. Internet kafe za wakati ule, kabla waya wa SEACOM haujaanza kazi Julai 2009, nyingi zilikuwa zinategemea setilaiti, kompyuta kumi na tano zinagombania tone moja, barua pepe moja unaifungulia dakika nne huku dakika zinahesabiwa hela. Na kona ya kioo imeandika Mbps 100! Watu waliwagombeza wenye kafe, wenye kafe wakawagombeza waliowafungia mitambo. Zile Mbps 100 zilikuwa kweli, lakini zilikuwa za kipande cha waya kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye kisanduku kilicho chini ya meza ya mwenye kafe. Ni sawa na kusifia upana wa koki yako wakati simtanki halina maji.

Ugomvi wote wa kiasi gani kionyeshwe unakosewa hapo. Wa miwani anasema kidogo, wa Kariakoo anasema vingi, na wote wawili wanapima kipande kisicho na shida. Upinde uliojaa unapima umbali wa laptopu na simu iliyo kando yake. Namba -54 inapima umbali huo huo kwa lugha ya kutisha. Simu iko sentimita ishirini kutoka kwenye laptopu, lazima ijae! Kipande kinachokatika ni cha kutoka kwenye simu kwenda kwenye mnara na kuendelea. Kipande kinachokula hela ni hicho hicho. Na hicho ndicho menyu imekaa kimya juu yake, iwe ya wachache au ya wengi.

Wala siyo kwamba kompyuta haijui. Inajua. Windows za sasa zikiunganishwa na mtandao wowote hutuma ombi dogo kwenye tovuti ya Microsoft inayoitwa msftconnecttest.com, zinatafuta kijifaili chenye maneno matatu tu, Microsoft Connect Test. Kikija, unaandikiwa una intaneti. Kisipokuja, unawekewa kidunia chenye alama ya mkato na kuambiwa hakuna. Apple wana yao, captive.apple.com, na Ubuntu wana yao. Kwa hiyo laptopu imeshatofautisha Wi-Fi na intaneti, imeshatuma mjumbe nje na mjumbe amerudi au hajarudi. Pia inajua kama ruta au simu inayotoa hotspoti imejibu, maana haiwezi kutuma chochote bila kupitia kwake. Ikiambiwa iseme sentensi moja, "simu inajibu, nje ya simu hakujibu", haikosi hata kitu kimoja cha kuisema. Inaandika "hakuna intaneti" halafu inakuacha na mawazo yako.

Na mawazo ya mtu aliyeachwa hivyo huenda kwa mtu wa karibu. Hili ndilo linalouma.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikayumba Tanzania na majirani zake. Kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Mtangazaji mmoja wa redio, sauti yake mnaijua wote, alikuwa nyumbani kwake Mbezi anapandisha kipindi. Mara inashika, mara inakata. Upinde wa Wi-Fi umejaa mpaka juu. Akazima ruta, akawasha. Akazima tena. Mara ya tano akakumbuka kwamba asubuhi dada wa kazi alipiga deki sebuleni, na ruta iko sebuleni.

Binti akaitwa. Akaulizwa ameshika waya gani. Akasema hakushika. Akaulizwa tena kwa sauti ile ile ya redioni, mbele ya wageni. Akaambiwa fundi akija, gharama itatoka kwenye mshahara wake. Binti wa miaka kumi na tisa hajui ruta inafanya nini, anajua tu ile taa ya kijani huwa haiguswi, akaanza kulia na kuomba msamaha kwa kosa ambalo lilikuwa chini ya bahari, nchi nyingine. Jioni habari za nyaya zikatoka. Mshahara haukukatwa. Ila kwa wanaojua nyumba ile, hakuna aliyemwita kumwambia samahani, na mpaka alipoondoka mwezi wa nane alikuwa anadeki kwa kuizunguka ile meza kama ina nyoka.

Mchambuzi wa miwani angekuwepo pale angesema nini? Kwamba mstari mmoja, "Wi-Fi nzima, ruta inajibu, nje ya ruta hakujibu", ungemchanganya mtangazaji? Ungemnyamazisha. Menyu ikikaa kimya lawama zinatafuta pa kutua, na hazitui kwa bosi. Zinatua kwa dada wa kazi, kwa mtoto aliyechezea simu, kwa mpenzi mwenye historia. Kampuni ya simu ikipigiwa inasema upande wao uko sawa, na mpigaji hana cha kujibu kwa sababu kioo chake hakijamwambia chochote.

Kwa hiyo kiasi gani? Juu, bila kubonyeza chochote, kialama kitofautishe vitu viwili: uko kwenye mtandao wa kudumu au uko kwenye bando. Hiyo peke yake ingemstua prodyuza kabla hajalala. Ukibonyeza, maneno ya kawaida: nje kupo au hakupo, na kama hakupo pamekatikia wapi. Chini yake, kiasi kilichopita tangu ulipojiunga na mtandao huu, na programu inayoongoza kwa kula. "Tangu saa tatu usiku GB 6, nyingi ni za programu ya mafaili." Mtu akiona hivyo saa saba usiku akienda chooni, anaizima. Hayo mengine, anwani za IP, chaneli, namba hasi, yakae nyuma ya Option au popote, mafundi wanajua kuyafuata na wanafurahia kuyafuata.

Kuna waliouliza mbona isiseme na salio la bando kabisa kama LUKU. Hapo laptopu haina ujanja, salio linakaa kwa kampuni ya simu. Lakini kilichopita mlangoni kwake inakijua mpaka baiti ya mwisho, na imekiandika tayari. Tatizo imekiandika chumbani, wageni wako sebuleni.

Hoja ya nafasi ndiyo ya kuchekesha zaidi. Eti menyu ni ndogo, vitu havitatosha. Nafasi ya Wi-Fi za majirani kumi na moja wenye kufuli imepatikana wapi? Ukiwa umeshaunganishwa na mtandao wako, umetulia, unafanya kazi yako, orodha ya majirani ya nini? MC mmoja wa harusi, mwenye kanzu nyeupe na maneno mengi, alibonyeza kialama hicho laptopu ikiwa kwenye projekta ukumbi mzima unatazama, akitafuta Wi-Fi ya ukumbi aonyeshe picha za maharusi. Orodha ikashuka kwenye ukuta mkubwa. Kuna jirani wa ukumbi ameiita Wi-Fi yake jina la kumtusi mwenye nyumba wake, tusi lenyewe halina hata kifuniko. Mama mkwe alisoma kwa sauti kabla hajaelewa anachosoma.

Kwa hiyo wanaosema undani utavunja faragha za watu wajue menyu ya sasa imeshazivunja, tena za majirani. Ingawa hoja yenyewe ina uzito kidogo, isidharauliwe. Jina la programu inayokula data linaweza kumchoma mtu. Wapo wenye programu za kutafutia wachumba huku wana wachumba. Hao ndio sababu ya kuliweka jina ndani, baada ya kubonyeza, na siyo kulitangaza kona ya kioo wakati wa kikao. Zaidi ya hapo wapambane na hali yao.

Na kwamba haiwezekani, msidanganywe. Apple tangu 2014 waliweka kitu kwenye menyu ya Mac: ukitumia hotspoti ya iPhone yako mwenyewe, menyu inakuonyesha mnara wa simu unashika kiasi gani na chaji ya simu imebaki ngapi. Yaani wameshaelewa kwamba kipande cha maana ni kile cha simu kwenda nje. Wakaishia njiani, tena kwa wenye vitu vyao vyote vya Apple. Wanaotumia Linux yenye KDE, wakibonyeza jina la mtandao wao wanapata mchoro wa kasi ya kupanda na kushuka pale pale, na hakuna aliyelazwa kwa kuuona. Na simu za Android zikitoa hotspoti huiambia kompyuta kimya kimya, wakati wa kuunganishwa, kwamba huu ni mtandao wa kupimiwa. NetworkManager ya Linux hulisikia neno hilo na kulitumia kubashiri. Ujumbe unatumwa, mjue hivyo. Kazi iliyobaki ni kuupandisha mahali pa kuonekana na binadamu.

Kinachokosekana ni nia, kwa sababu ukimya huu una faida kwa mtu. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, kwenye toleo la Home apdeti zilikuwa zinashuka zenyewe bila kukuuliza, na juu ya hapo kompyuta yako ilikuwa imewashiwa mapema uwezo wa kuzigawia kompyuta za watu wengine apdeti hizo kupitia intaneti yako. Yaani bando lako linamhudumia mtu usiyemjua. Ilikuwepo swichi ya kuzima, imefichwa ndani ndani. Menyu ambayo ingeandika "umewatumia wageni MB 900" watu wangeizima siku ya kwanza.

Kwa walio kwenye hotspoti usiku huu na laptopu iko wazi, dawa iliyopo ni hii. Wa Windows ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, kisha Wi-Fi, kisha sifa za hotspoti yako, shuka mpaka kwenye swichi iliyoandikwa Metered connection, iwashe. Windows itapunguza kushusha apdeti, na baadhi ya programu za mafaili husimama zenyewe. Wa Mac kuanzia Ventura ya 2022, kwenye mipangilio ya Wi-Fi, ndani ya maelezo ya mtandao wako, kuna Low Data Mode. Ukibadilisha simu, unaanza upya, kila hotspoti ina swichi yake.

Hizo ni hatua tano, sita kwa mtu asiyepotea njia. Kuona Wi-Fi za majirani ni hatua moja.

Wadau mliolala na bando mkaamka hamna, semeni hapo chini ilikuwa programu gani, na nani alibebeshwa msala kabla hamjajua.